Gemu moja bei tatu: hizi Deluxe, Gold na Ultimate zina nini ndani?

#1 padi_mbovu
Wasee niaje. Kuna kitu inanisumbua na nataka mtu anielezee pole pole bila matusi. Nimekuwa nikiangalia Star Wars Outlaws maana niliiacha ipite ilipotoka Agosti 2024, sasa nimepata PS5 nataka kuionja. Gemu ni moja. Bei ni tatu. Ilipotoka Standard ilikuwa dola 69.99, Gold 109.99, Ultimate 129.99, na hata ofa zikija zote zinashuka pamoja lakini ile ngazi inabaki pale pale. Ukipiga hesabu na dola ya 129 unapata kama elfu tisa, elfu kumi na nne, halafu elfu kumi na sita na mia saba. Yaani kutoka chini hadi juu ni karibu elfu nane, hiyo ni renti ya bedsitter huku Umoja kama unajua kubageni.

Sasa hiyo elfu nane inanunua nini haswa? Nimesoma maelezo yao nikatoka nikijua kidogo kuliko nilivyoingia, huku paki, huku bando, huku Season Pass, na picha ya msichana amebadilishiwa jaketi. Mimi naona ni wizi umevaa suti. Nipingeni.

#2 Kipa_Mlegevu
Bedsitter ya elfu nane Umoja? Tuma namba ya caretaker kwanza, hayo mengine tutaongea.

#3 Shemeji254
Hakuna wa kukupinga. Hawa watu wanakata gemu vipande kabla itoke halafu wanakuuzia vipande. Hiyo Outlaws unayosema ndiyo ilileta kelele Aprili 2024, watu waliona kuna misheni ya Jabba the Hutt, yule bosi wa wahalifu, imefungiwa kwa Season Pass, ile pasi ya kulipia nyongeza mapema, yaani ukinunua ya kawaida Jabba humuoni. Gemu ya Star Wars bila Jabba ni nini sasa.

#4 pc_ya_mkopo
@Shemeji254 hapo rekebisha kidogo. Ubisoft wenye gemu walitoka wakasema Jabba yuko kwa gemu ya kawaida, kilichofungiwa ni misheni moja ya ziada yenye anahusika. Bado ni uchoyo, misheni iko tayari siku ya kwanza na unaambiwa lipa zaidi, lakini tusiseme walimfungia jamaa mzima.

@padi_mbovu kwa Ubisoft kuna mpangilio ukishaujua hausumbui sana. Gold kwao ni gemu pamoja na Season Pass. Ultimate ni Gold halafu wameongeza nguo, mapambo ya chombo, silaha na kitabu cha picha cha kusoma kwa skrini. Kwa hiyo zile dola 20 za mwisho kati ya Gold na Ultimate ni nguo tu. Stori haiongezeki hata dakika.

#5 padi_mbovu
Shukran @pc_ya_mkopo. Sasa mbona jirani yangu ana Diablo IV na kwake Deluxe inakuja na vitu tofauti kabisa?

#6 pc_ya_mkopo
Kwa sababu hakuna anayewalazimisha kufuata mpango mmoja, kila kampuni inajiamulia. Diablo IV ya 2023 ilikuwa 69.99, Deluxe 89.99, Ultimate 99.99, na kitu kikubwa ulichokuwa unanunua ni kucheza siku nne kabla ya wengine. Hiyo ulipata hata kwa Deluxe, ile ya juu ikaongeza mambo ya battle pass, ile pasi ya zawadi za msimu. Baldur's Gate 3 nayo mwaka huo huo, Deluxe kwa PC ilikuwa nyongeza ya dola 10, muziki, kitabu cha picha na vinguo, na waliokuwa wameinunua zamani bado inatengenezwa wakapewa bure. Hogwarts Legacy haikuwa na Gold wala Ultimate, ukichukua digitali Deluxe ndiyo ilikuwa ya juu. Kwa hivyo usiwahi kununua kwa kuangalia jina. Jina halikuambii kitu.

#7 Shemeji254
Si ndio hapo sasa! Wangekuwa wanataka tuelewe wangetumia majina yenye yanafanana. Kuchanganyikiwa kwetu ndiyo biashara yenyewe.

#8 Bwana_Hesabu
Mimi nitakuwa adui wa leo. Gemu kubwa zilikuwa dola 60 tangu enzi ya Xbox 360, hiyo ni 2005, na zikakaa 60 hadi PS5 ilipokuja 2020 ndipo zikaanza kugusa 70. Miaka kumi na tano bei moja. Niambieni kitu gani kingine Nairobi kimekaa bei moja miaka kumi na tano, hata maandazi yalipungua ukubwa mara ngapi. Huku gharama ya kutengeneza imepanda, timu ya watu thelathini imekuwa timu ya mamia, wanalipwa mishahara miaka mitano gemu haijatoka. Hawawezi kuamka asubuhi waseme gemu ni dola 110, watapigwa mawe. Kwa hivyo wanaacha mlango wa 70 wazi kwa asiye na pesa, halafu mwenye pesa anajipeleka mwenyewe kwa 110. Mwenye pesa ndiye anamlipia yule mwingine. Sioni wizi hapo.

#9 Kipa_Mlegevu
Kumbe Shemeji anavaa jaketi ya Ultimate ili mimi nicheze kwa bei nafuu. Ubarikiwe shemeji.

#10 Shemeji254
@Bwana_Hesabu hiyo hesabu iko na shimo. 2005 gemu ilikuwa kwa CD, kuna kasha, kuna kitabu, kuna meli, kuna duka linataka faida yake. Leo nadaunilodi na bando langu kwa stima yangu. Hizo gharama zilienda wapi? Zilishuka na hatukupunguziwa hata dola moja. Halafu Nintendo walipotaka 80 kwa Mario Kart World mwaka 2025 walisema tu ni 80 na maisha yakaendelea, hawakukuchorea ngazi. Kwa hivyo inawezekana kuongeza bei bila kuzungusha watu.

#11 Bwana_Hesabu
Na wakapigwa mawe pia, usisahau. Microsoft nao walitangaza The Outer Worlds 2 kwa 80 halafu wakarudi 70 kabla hata haijatoka. Ndiyo maana ngazi zinapendwa, hazileti maandamano.

Na kuna kitu kingine mnaruka. Ile ya katikati mara nyingi si ya kununuliwa, iko pale kuifanya ya juu ionekane ya maana. Angalia Diablo hapo juu, 90 na 100. Ukishafika 90 unajiambia dola 10 ni nini bana, ongeza. Hapo umeshasahau kwamba ulitoka nyumbani na 70.

#12 padi_mbovu
Hiyo ya mwisho imenigusa vibaya. Ndivyo nilinunua TV.

#13 mama_mapacha
Hamjambo vijana. Mimi si mchezaji lakini naomba nichangie kwa sababu haya mambo yamenikalia kooni. Nina mapacha wa miaka kumi na miwili, nikaenda duka moja hapa katikati ya jiji nikawanunulia ile gemu ya shule ya wachawi, hiyo Hogwarts mliyoitaja, kijana wa duka akaniambia mama chukua Deluxe, watoto wasije wakalia, tofauti ni elfu mbili tu. Nikachukua. Kasha zuri, CD ndani, na karatasi ndogo yenye namba. Tukafika nyumbani CD ikafanya kazi vizuri sana, lakini ile namba tukiiandika inakataa, inasema si sahihi. Tumejaribu herufi kubwa, herufi ndogo, O na sifuri. Nilirudi dukani nikaambiwa "mama hiyo ni ya mtandao si ya kwetu". Sasa nauliza, elfu mbili yangu ilienda wapi?

#14 FundiLuthuli
Mama shikamoo. Kabla tulaumu mtu, niangalizie vitu viwili. Pale mbele ya kasha chini pembeni kuna alama ya umri. Ni namba kama 12 au 16 ndani ya kisanduku cha rangi, ama ni herufi kama T au M nyeusi kwa nyeupe? Halafu akaunti ya hiyo PlayStation mlipoifungua mlichagua nchi gani?

#15 mama_mapacha
Marahaba mwanangu. Ni namba, imeandikwa 12 na neno PEGI. Akaunti alifungua binamu yao, anasema aliweka Marekani kwa sababu Kenya haikuwa kwenye orodha.

#16 FundiLuthuli
Basi shida ndiyo hiyo, na nataka wote wasome kwa sababu naletewa kila wiki watu wakidhani mashine imeharibika.

PlayStation haina duka la Kenya. Ukifungua akaunti Kenya haiko, kwa hiyo huku mtu ameweka Marekani, mwingine Uingereza, mwingine Afrika Kusini, mwingine Dubai, kulingana na nani alimfungulia. CD za PS4 na PS5 hazijali, CD ya popote inacheza popote. Lakini vitu vya ziada vinajali sana. Ile vocha (hiyo karatasi yenye namba) na zile DLC, yaani nyongeza za kudaunilodi, lazima zitoke upande mmoja na CD, na akaunti iwe ya upande huo. CD zenye namba za PEGI ni za Ulaya. Zenye herufi za ESRB ni za Marekani. Mama ana CD ya Ulaya, vocha ya Ulaya, akaunti ya Marekani. Gemu itacheza maisha yote na vocha haitaingia milele.

Afrika Kusini inahesabiwa upande wa Ulaya kwa hizi mambo, kwa hiyo mwenye akaunti ya huko CD za PEGI zinamfaa zaidi. Tazama pia ubavuni mwa kasha, PS4 huwa imeandikwa CUSA na tarakimu, PS5 ni PPSA. Hizo tarakimu za toleo la Ulaya na za Marekani hazifanani hata kama picha ya kava ni moja.

Na kama ni CD ya mitumba usilipe hata shilingi zaidi kwa sababu imeandikwa Deluxe. Vocha inatumika mara moja tu, mwenye kwanza ashaila, wewe unanunua kasha.

#17 Kipa_Mlegevu
Mama alichezwa kabla watoto wacheze.

#18 MkaaSouthB
Salaam wote. Fundi umesema la maana, na mimi naongeza hivi, hata hao wauzaji wengi wao hawajui. Mimi ni mtu wa Mombasa nimehamia huku kikazi, kule nilikuwa nakaa duka la rafiki yangu jioni, mzigo unakuja kutoka Dubai umechanganyika, kasha la Ulaya, kasha la Marekani, kasha la Kiarabu, yeye anapanga kwa rangi tu. Akiulizwa Deluxe ni nini anajibu "hii ndo full". Si kwamba ni mwizi, yeye mwenyewe hakuambiwa. Kwa hivyo mimi siwezi kusema kampuni peke yao ndio walaumiwe, mkanganyiko mwingine tumeutengeneza wenyewe humu njiani kati ya bandari na mtaa wa Tom Mboya.

Hiyo Season Pass nayo nisamehewe lakini ni mtu kukuuzia sahani ya pilau ya bei ya harusi, ukifunua hamna nyama, wakuambia nyama yaja mwakani na utaipenda.

#19 pc_ya_mkopo
@MkaaSouthB hiyo ya nyama mwakani si utani. Starfield, toleo la Premium lilikuwa dola 99.99, likatoka Septemba 2023 na ndani yake umeahidiwa upanuzi wa kwanza wa stori, Shattered Space. Ulikuja 30 Septemba 2024. Mwaka mzima na zaidi pesa yako iko kwao. Na kuna kichekesho kingine, ukinunua ya kawaida kwa 69.99 halafu baadaye ukiamua kupanda ngazi, nyongeza ilikuwa 34.99. Jumlisha. Umelipa karibu dola 105 kwa kitu cha 100. Yaani ukionja kwanza kwa uangalifu ndiyo unatozwa faini.

#20 Shemeji254
Nanyamaza. Sina la kuongeza. Wizi.

#21 KibandaKayole
Ngojeni sasa mfanyabiashara aongee. Mimi niko na kibanda cha PS huku Kayole, mashine kadhaa na viti vya plastiki, vijana wanalipa kwa mechi. Nyinyi mnasema Ultimate ni ujinga. Mimi nanunua Ultimate ya FC, ile gemu ya mpira ya EA, kila mwaka na nitaendelea. FC 25 kwa mfano, ya kawaida ilikuwa dola 69.99 na Ultimate 99.99, hiyo ya juu unaingia siku tatu mapema. Hizo siku tatu estate nzima iko kwangu. Kibanda cha jirani wanacheza ya zamani, kwangu kuna jezi mpya na usajili mpya, vijana wanapanga foleni hadi nje kwa mama wa mboga. Zile dola 30 zimerudi kabla ya wikendi kuisha.

#22 pc_ya_mkopo
Siku saba, si tatu. FC 25 ilitoka 27 Septemba 2024 na wa Ultimate waliingia 20 Septemba. FC 24 vilevile, 22 na 29 Septemba 2023. Siku tatu ni za Ubisoft.

#23 KibandaKayole
Hata afadhali, umeniongezea siku nne za foleni.

#24 Bwana_Hesabu
@KibandaKayole na zile FC Points 4,600 zilizokuwa ndani ya hiyo Ultimate unazifanyia nini? Kwa sababu hapo ndipo thamani yao ya "dola kadhaa bure" inatoka.

#25 KibandaKayole
Sifanyii kitu. Vijana wangu wanacheza mechi ya kawaida, Madrid na City, nusu moja dakika nne, mshindi anabaki padi inahamia. Nani atakaa kufungua paki za wachezaji mtu anasubiri kiti? Points ziliingia kwa akaunti ya kibanda, mtoto wa dada yangu akazimaliza jioni moja akapata mabeki wa pembeni nisiowajua.

#26 Kipa_Mlegevu
Mabeki wa pembeni 🤣🤣 4,600 points mabeki wa pembeni

#27 Shemeji254
Na hiyo ndiyo hoja yangu. Wamekupa kitu usichohitaji ili bei ionekane imetosheka. Points hawazitengenezi popote, ni tarakimu kwa sava, wanaweza kukupa milioni na isiwagharimu bob, halafu wanakuandikia kwa maelezo kana kwamba wamekupunguzia.

#28 Bwana_Hesabu
Lakini yeye amesema imemlipa. Siku saba kwake ni pesa taslimu. Kwa hiyo bei si upuzi, ni upuzi kwako wewe. Mimi naona wanachouza si vitu, ni papara. Mtu mwenye papara ama sababu ya papara analipa.

#29 padi_mbovu
Lakini ngoja @Bwana_Hesabu, kwani wakitangaza inatoka tarehe 27 na watu wanacheza tarehe 20, si imetoka tarehe 20? Wanachofanya ni kuchelewesha wengine wetu wiki nzima halafu wanaita zawadi.

#30 MkaaSouthB
Hapo umegonga ndipo. Mimi ningekubali kama wangekuwa wanamalizia kazi hizo siku saba. Kumbe imeshaiva, imekaa tu yafungiwa.

#31 pc_ya_mkopo
Upande wa Steam, lile duka la gemu za PC, hizo siku za mapema zilikuwa na mlango wa nyuma. Steam inakurudishia pesa kama hujapitisha saa mbili za kucheza na ni ndani ya siku kumi na nne. Zamani muda wa kucheza mapema haukuhesabiwa, mtu anacheza siku tatu, anamaliza stori, siku ya kutoka anaomba pesa zake. Aprili 2024 wakafunga, sasa kila dakika inahesabiwa. Upande wa PlayStation ukishaanza kudaunilodi tu umejifunga, huwezi kurudisha labda iwe imeharibika.

Na kwa FC kama unataka kuonja mapema bila Ultimate, EA Play, ule usajili wa kulipia wa EA, ilikuwa inakupa saa kumi za majaribio kuanzia siku ile ile wa Ultimate wanaingia. Kwa mtu wa nyumbani inatosha kabisa. Kwa kibanda haitoshi, zitaisha asubuhi.

#32 Shemeji254
Mnaniambia kuhusu bei za dola na hakuna mtu amesema kuhusu shilingi. Januari 2024 dola ilikuwa inakaribia 160 na kupita. Ultimate ya dola 100 ilikuwa elfu kumi na sita. Mwaka huo huo katikati ikarudi 129, ikawa elfu kumi na tatu kasoro. Gemu haijabadilika hata nukta, mimi nimepoteza elfu tatu kwa kununua mwezi mbaya. Steam wanatuuzia kwa dola moja kwa moja, Afrika Kusini wana randi yao humo, sisi hapana. Unafungua kadi ya M-Pesa GlobalPay, unaweka pesa unayodhani inatosha, ukibonyeza inakataa kwa sababu ya senti.

#33 Kipa_Mlegevu
Hiyo ya kukataa kwa sababu ya senti inauma kuliko kuachwa. Unaongeza soo, inakataa. Unaongeza soo tena. Mwishowe una mia tatu imekaa kwa kadi haina kazi mpaka ofa ya Krismasi.

#34 FundiLuthuli
Na bado hata kununua wanaweza kukufungia. Si mnakumbuka Helldivers 2 Mei 2024, Sony walisema kila mchezaji wa PC lazima awe na akaunti ya PSN, yaani mtandao wa PlayStation, gemu ikaondolewa Steam kwa nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN. Sisi tulikuwemo. Baadaye wakabatilisha sharti la akaunti, watu walipiga kelele sana. Ungekuwa umejipanga na toleo la bei ya juu ungeiangalia tu.

#35 MkaaSouthB
Kelele zafanya kazi. Horizon Forbidden West pia mwaka 2021, Sony walisema ukinunua ya kawaida ya PS4 hutapata ya PS5, lazima uwe ulichukua Deluxe kwenda juu. Watu wakawaka, siku chache tu wakageuza, wakaruhusu wote wapande bure. Lakini wakasema hapo hapo kuanzia gemu zao zijazo kupanda itakuwa dola 10. Wamekupa na mkono mmoja.

#36 padi_mbovu
Kwa hiyo dawa ni nini? Maana nimesikia sababu nne na zote zinaonekana za kweli.

#37 pc_ya_mkopo
Dawa ni subira. Mortal Kombat 11 ilitoka Aprili 2019. Waliochukua Premium kwa dola 100 walidhani wamemaliza, walipata Kombat Pack ya kwanza, wapiganaji wa nyongeza. Mei 2020 ikaja Aftermath, stori mpya kabisa, dola 40 kando, Premium haikuifunika. Novemba 2020 ikatoka Ultimate, kila kitu ndani, dola 60. Aliyengoja mwaka na nusu alilipa kidogo kuliko wote akapata vingi kuliko wote.

Na kwa Steam usiangalie bei ya kwenye tangazo, fungua ukurasa wa gemu ushuke chini uone bando zote. Kama tayari una sehemu ya bando wanaitoa kwa hesabu. Nishaona ofa ambapo Deluxe ni bei ndogo kuliko ya kawaida kwa sababu moja ilikuwa na punguzo na nyingine haikuwa. Hapo hakuna mantiki, ni kubahatisha na kusoma.

#38 KibandaKayole
Mwaka na nusu? Vijana wangu wakingoja mwaka na nusu watakuwa wameoa.

#39 Shemeji254
Subira inafaa gemu ya stori. Gemu ya onlaini ukingoja unaingia unakuta wote wameshakuwa wataalamu unachapwa saba bila.

#40 Bwana_Hesabu
Kuna mmoja alikubali kwamba ni fujo. Hitman. Zilikuwa tatu, za 2016, 2018 na 2021, na ya tatu unaweza kuingiza ramani za mbili za nyuma lakini inategemea ulinunua toleo gani, duka gani, na pasi gani. Ukiuliza kwa mtandao "ninunue Hitman gani" unapewa jedwali. Januari 2023 IO Interactive wakazikusanya zote wakaita World of Assassination, na nyongeza moja ya Deluxe kando. Wakaendelea kuuza vizuri. Kwa hiyo @Shemeji254 nakupa hiyo moja, inawezekana kuuza bila maze.

#41 Shemeji254
Nitaichukua na nitaiweka kwa fremu.

#42 FundiLuthuli
Mnasahau watu hupenda hivi vitu. Aprili 2006 Bethesda waliuza vazi la chuma la farasi wa Oblivion, dola 2.50, dunia nzima ikawacheka. Aprili 2025 Oblivion Remastered imetoka, Deluxe ni dola 10 juu ya ya kawaida, na moja ya vitu vilivyomo ni nini? Vazi la farasi. Na watu walinunua, wengine kwa utani, lakini pesa ya utani ni pesa. Kijana aliniletea PS yake nisafishe vumbi, nikiijaribu nikakuta farasi wake amevaa kuliko mimi.

#43 Kipa_Mlegevu
Farasi ana bima ya afya wewe huna.

#44 mama_mapacha
Nimewasoma wote, asanteni, nimejifunza kuliko nilivyotaka. Swali langu la mwisho. Hii vocha yangu ya Ulaya naweza kuwapa watoto kwa njia nyingine ama nitupe?

#45 FundiLuthuli
Mama unaweza kufungua akaunti ya pili ya Uingereza kwa mashine hiyo hiyo, uweke vocha hapo, na watoto wacheze kupitia hiyo. Lakini wakishaanza gemu kwa ile ya Marekani, mahali walipofika hapahami. Wataanza upya.

#46 mama_mapacha
Wamekataa kuanza upya, wamesema afadhali kifo. Basi kama kuna mwenye akaunti ya huko na CD ya PS5 ya PEGI achukue, isiharibike.

#47 Kipa_Mlegevu
MIMI MAMA. Niko na ya Uingereza na CD niliazimwa na Shemeji.

#48 Shemeji254
Nilikuazima Machi. Ya mwaka gani sijui tena.

#49 AdminMpole
Tafadhali namba za vocha zitumwe kwa ujumbe wa faragha. Mama usiweke picha ya ile karatasi hapa, itachukuliwa kabla hujamaliza kuandika.

#50 MkaaSouthB
Nami nilikuwa natafuta miwani yangu niisome.

#51 Kipa_Mlegevu
Imeingia!!! Asante sana mama Mungu akuzidishie.

#52 padi_mbovu
Sasa tuambie, hiyo elfu mbili ya mama ilikuwa na nini ndani?

#53 Kipa_Mlegevu
Ngoja nifungue. Kuna farasi wa mifupa mwenye mabawa. Kuna joho jeusi. Kuna uwanja wa kupigana. Na kofia.

#54 Shemeji254
Mapacha wawili, kofia moja. Mama ungekuwa unaamua vita sahi.

#55 mama_mapacha
Wamesoma hapa nyuma yangu. Sasa wanaitaka kofia.